Nani Katuchuria? Hesabu ya Mfululizo Usiotakiwa Kutajwa

Novemba 29, 2022 nilikuwa Nachingwea, ndani ya kibanda umiza, nimebanana na watu kwenye benchi la mbao kuangalia Yanga ikicheza na Ihefu kule Mbarali. Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza hata moja. Mara ya mwisho kufungwa kwenye ligi ilikuwa Aprili 25, 2021, mbele ya Azam. Mpira ukaanza, Yanga ikatangulia kupata bao. Hapo fundi baiskeli mmoja aliyekaa mbele akageuka nyuma na kutangaza: "Haya hesabuni wenyewe, leo hamsini!"

Mzee aliyekuwa pembeni yangu akaguna. "Wee kijana, usituchurie."

Ihefu wakasawazisha. Wakaongeza la pili. Mpira ukaisha 2-1, na mfululizo ukafia kwenye 49, idadi ileile waliyoishia Arsenal mwaka 2004. Nilidhani watu watajadili mabeki, au uwanja. Wapi! Kibanda kizima kilimgeukia fundi. Aliambiwa mechi ijayo akaangalie kwao. Tukacheka, na mimi nilicheka. Ila niliporudi mwezi uliofuata nikamkuta anaitwa Mchuro, na mteja mmoja alishamwambia, nusu utani nusu kweli, kwamba baiskeli yake ataipeleka kwa fundi mwingine. Utani umeanza kula mkate wa mtu.

Nchi hii imezika vikongwe waliouawa kwa kuwa tu na macho mekundu. Sisemi fundi wetu alikuwa kwenye hatari ya namna hiyo. Nasema swali linaloulizwa ni lilelile: jambo baya limetokea, je, nani alisema nini kabla yake? Nataka tulipime swali hilo kwa hesabu. Na hesabu yake nzuri zaidi haiko kwenye soka, iko kwenye mchezo ambao kusini huku wengi tumeuona kwenye filamu tu: besiboli.

Dar es Salaam unachezwa. Pale Shule ya Sekondari Azania kuna uwanja wake kabisa, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kufunguliwa mwaka 2018. Kama hujawahi kuuona lakini utotoni ulicheza rede, tayari una nusu ya picha. Kwenye rede unakaa katikati na kazi yako ni kukwepa mpira. Kwenye besiboli hukwepi. Una rungu mkononi, mrushaji anakutupia mpira kwa nguvu, na wewe unatafuta kuupiga uende mahali ambapo hakuna mtu, ukimbie mpaka kituo cha kwanza kabla haujarudishwa. Ukifanikiwa, hilo ni pigo. Ukishindwa, unatoka. Timu ikitolewa mara tatu, zamu yake imeisha, na kila timu ina zamu tisa. Tatu mara tisa: mrushaji na wenzake wana kazi ya kutoa watu 27.

Sasa, kuna siku chache sana ambapo wote 27 wanatoka bila timu yao kupata hata pigo moja. Tuuite mchezo bila pigo. Kwa lugha ya soka si sawa na kipa kutofungwa, maana hilo ni la kila wiki. Ni kama wapinzani wamemaliza dakika 90 bila kupiga hata shuti moja lililolenga goli. Katika ligi kuu ya Marekani, tangu mwaka 1876 hadi leo, umetokea mara zaidi ya 300 tu, kati ya mechi zaidi ya laki mbili.

Na hapo ndipo Wamarekani wanapokutana na mzee wetu wa Nachingwea. Mrushaji akifika zamu ya sita au ya saba bila kuruhusu pigo, wenzake wanahama benchi alilokaa. Hakuna anayemsemesha. Hakuna anayetamka kile kinachoendelea, japo ubao wa matokeo unakionyesha wazi na kila mtu uwanjani anakiona. Ukitaja, umechuria. Kiswahili chetu kina kitenzi kizima kwa kazi hiyo, na sijui kama wao wanacho kizuri kama chetu: kumletea mtu mkosi kwa mdomo, hata kama nia yako ilikuwa kushangilia.

Watangazaji nao walibanwa na mwiko huo. Oktoba 3, 1947, kwenye fainali kati ya Yankees na Dodgers, mrushaji wa Yankees aitwaye Bill Bevens alikuwa amebakiza mtu mmoja tu wa kumtoa ili aingie kwenye historia, maana mpaka siku hiyo mchezo bila pigo haukuwahi kuonekana kwenye fainali. Mtangazaji wa redio wa nusu ya kwanza, Mel Allen, aliukwepa mada hiyo kama moto. Mwenzake aliyepokea kipaza sauti, Red Barber, aliona kazi yake ni kuwaambia wasikilizaji kinachotokea, basi akawaambia. Akaingia mpigaji Cookie Lavagetto, akaupiga mpira ukagonga ukuta, wakaingia watu wawili, Bevens akapoteza rekodi na mechi kwa pamoja, 3-2. Mashabiki wakamlaumu mtu aliyekuwa amekaa juu jukwaani na kipaza sauti chake. Fundi baiskeli angemwelewa vizuri.

Lakini simulizi hiyo ina pacha wake ambaye watu hupenda kumsahau. Oktoba 8, 1956, fainali ileile, timu zilezile, Don Larsen wa Yankees alikuwa hajaruhusu hata mtu mmoja kufika kituo cha kwanza. Zikiwa zimebaki zamu mbili, Larsen mwenyewe alimfuata mwenzake Mickey Mantle na kumwonyesha ubao: zimebaki mbili tu, lingekuwa jambo kubwa. Mantle akaondoka bila kumjibu. Yaani mwenye rekodi ndiye aliyejichuria, kwa mdomo wake! Na akamaliza: watu 27 waliingia, 27 wakatoka. Hakuna mrushaji mwingine aliyewahi kufanya hivyo kwenye fainali mpaka leo.

Tukihesabu kwa visa, basi, ni moja kwa moja. Tuache visa, tuhesabu kweli.

Chukua makadirio rahisi kwamba mpigaji wa ligi kuu anapata pigo mara moja kati ya nne. Si mbali na ukweli. Maana yake mrushaji anamtoa kwa uwezekano wa 0.75. Kuwatoa wawili mfululizo ni 0.75 mara 0.75, yaani 0.56. Kuwatoa 27 mfululizo unaizidisha 0.75 kwa yenyewe mara 27, unapata karibu 0.0004. Mara moja kati ya 2,360 hivi. Ligi ile ina timu 30, kila moja inacheza mechi 162, kwa hiyo kila msimu kuna nafasi 4,860 za jambo hili kutokea. Gawanya: mara mbili kwa msimu. Na kwa kweli ndiko huko huko wanakozungukia, ingawa kuna misimu inayoruka mipaka, kama 2021 ilipotokea mara tisa. Kikokotoo cha simu kimetupa jibu la karibu bila kumtaja mchuriaji hata mmoja.

Sasa njoo kwenye sehemu iliyonifanya niandike makala hii. Mrushaji amemaliza zamu sita bila pigo. Amewatoa watu 18, wamebaki tisa. Uwanja umeanza kunong'ona. Je, ana uwezekano gani wa kumaliza? Wengi nikiwauliza wananiambia nusu kwa nusu, au zaidi, kwa sababu "ameshafika mbali". Jibu ni 0.75 mara tisa, yaani asilimia saba na nusu. Kati ya warushaji 100 waliofika hapo, 92 au 93 wataanguka. Hata akibakiza watu watatu tu, bado uwezekano wa kuanguka ni asilimia 58.

Tafakari maana yake kwa mtu mwenye mdomo. Kabla ya zamu ya sita hakuna anayetaja, kwa sababu hakuna cha kutaja. Kutaja kunaanza pale mfululizo unapokuwa mrefu. Na pale unapokuwa mrefu ndipo karibu kila mmoja bado anaelekea kuanguka. Kwa hiyo ukifungua mdomo mwishoni mwa zamu ya sita, mara 92 kati ya 100 kitu kitaharibika baada ya maneno yako. Hukukiharibu. Ulisimama tu mahali ambapo vitu huharibikia. Na yule aliyenyamaza kabisa, mrushaji wake ameanguka kwa kiwango hichohicho, ila hakuna anayekwenda kumuuliza kwa nini alinyamaza.

Hesabu hii ina udhaifu wake, niseme mapema kabla hamjanijia juu. Nimechukulia kwamba kila mpigaji ni sawa na mwingine na kwamba mrushaji hachoki. Mrushaji mzuri siku yake nzuri ana zaidi ya 0.75, na kufikia zamu ya tisa mkono umechoka. Namba zitasogea. Haziwezi kusogea kiasi cha kumpa nafasi mtu aliyekaa Nachingwea aamue kinachotokea Mbarali.

Turudi kwa Yanga. Tuseme kwa ubora waliokuwa nao walikuwa na uwezekano wa asilimia 95 wa kutopoteza mechi yoyote ya ligi. Kumaliza msimu wa mechi 30 bila kupoteza, kama walivyofanya 2021/22, ni asilimia 21 hivi. Kufika 49 ni asilimia nane. Ngumu, ila si muujiza. Na mechi ya hamsini ilikuwa na hatari gani ya kupoteza? Asilimia tano. Ileile ya mechi ya kwanza. Mpira hauna daftari.

Kuhusu kutaja: magazeti yalikuwa yakiihesabu kila wiki. Redio asubuhi, mitandao mchana, vijiweni jioni. Nchi nzima ilitaja wakati ni 38, ikataja wakati ni 45, ikataja 48, na Yanga ikaendelea kutopoteza. Kama kutaja kunaua mfululizo, ule ungekufa zamani. Lakini akili zetu hazihifadhi mara zote mtu aliposema na kisikatokee kitu. Zinahifadhi ile moja.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo nadhani linagharimu vijana wetu zaidi kuliko uchuro. Ni lile la kusema "kafika 40, lazima afungwe". Lazima kwa sheria ipi? Kijana aliyeamua kubeti kinyume cha Yanga kuanzia mechi ya 31 ya mfululizo ule, alichana mikeka 19 kabla ya kuupata wa Ihefu. Na kama alikuwa anafuata ule ushauri wa vijiweni wa kudabo, kwamba ukiliwa ongeza mara mbili utarudisha zote, alianza na shilingi 1,000. Mkeka wa ishirini, ule uliotiki, ulimtaka aweke shilingi 524,288,000. Fanya mwenyewe: elfu moja, elfu mbili, elfu nne, endelea. Kabla hujafika huko ulishauza bodaboda, na haikuwa yako, ni ya mkataba.

Ruangwa wanaijua sura nyingine ya mfululizo, ile ya kiu. Namungo ilipanda ligi kuu 2019, msimu wa kwanza tu ikashika nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na hapo ikapata tiketi ya Afrika. Mwanzoni mwa 2021 ikawatoa Primeiro de Agosto wa Angola kwa jumla ya mabao 7-5. Mabao saba ndani ya mechi mbili! Kisha ikaingia kundi moja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikacheza mechi sita na kupoteza zote bila kufunga hata bao moja. Pale Ruangwa mjini nilisikia kila aina ya maelezo: gundu, kuna mchezaji aliyekuja na nuksi yake, timu imezibwa goli. Tuseme dhidi ya timu za namna hiyo Namungo ilikuwa na asilimia 60 ya kutoka mechi yoyote bila bao. Mechi sita mfululizo ni asilimia karibu tano, mara moja kati ya 21. Kila mwaka mashindano yale yana timu 16 kwenye makundi. Ni nani angeshangaa kwamba miaka kadhaa ikipita kuna moja itapatikana na hali hiyo? Kinachouma ni kwamba ilikuwa ya kwetu.

Je, wachezaji ni wajinga kufuata miiko? Hapana, na hapa nawatetea. George Gmelch, mwanaanthropolojia aliyewahi kucheza besiboli ya kulipwa, aligundua kitu kizuri: miiko na hirizi zimejaa kwenye kurusha na kupiga, ila karibu hazipo kwenye kudaka. Mdakaji anafanikiwa mara 97 kati ya 100. Mpigaji anashindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu. Uchawi unakwenda panapokosekana uhakika. Baba yangu mdogo analima korosho Nachingwea. Kupulizia salfa hana dua maalumu; anajua ukichelewa ugonjwa unakula maua, basi anawahi. Ila bei ya mnada wa RUNALI usiitaje mbele yake usiku wa kuamkia mnada. Atakufukuza sebuleni, msomi au si msomi.

Kwa hiyo timu zetu kukwepa mlango rasmi wa uwanja na kutozwa faini na bodi ya ligi, au Simba kuwasha moto mdogo katikati ya uwanja kule Soweto Aprili 2022 kabla ya kucheza na Orlando Pirates, sioni kama ni ushamba wa Kiafrika. Ni tabia ya binadamu yeyote aliyebeba jambo kubwa asilolimudu lote. (Simba walitolewa kwa penalti siku hiyo, na CAF ikawapiga faini juu yake.) Hata benchi la besiboli kunyamaza lina busara fulani: mtu anayefanya kitu alichokizoea mwilini, ukimfanya akifikirie hatua kwa hatua, huweza kukivuruga. Nyamaza, basi, ukiwa umekaa naye benchi moja. Fundi baiskeli hakuwa benchi la Yanga. Alikuwa na televisheni katikati yake na uwanja, na mikoa kadhaa.

Mwaka jana nilialikwa kwenye shule moja ya sekondari Ruangwa kuzungumzia uwezekano. Sikubeba slaidi. Niliwaambia wanafunzi 40 wasimame, kila mmoja na sarafu mbili, ya mia na ya mia mbili. Rusha zote mbili kwa pamoja. Wakitokea Nyerere na Karume wote, hilo ni pigo, kaa chini. Likitokea lolote lingine, endelea kusimama. Uwezekano wa pigo ni robo, kama besiboli. Jaribu nyumbani, gharama yake ni shilingi mia tatu na unabaki nazo.

Baada ya kurusha mara tatu zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wamekaa. Baada ya mara tisa walibaki watatu. Kwenye ya kumi na moja alibaki binti mmoja tu, wa dawati la nyuma. Kwenye ya kumi na mbili darasa lilikuwa kimya. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Ya kumi na tatu, swala na simba. Kijana wa mbele akashindwa kujizuia: "Huyu haangushwi huyu!" Binti akarusha ya kumi na nne. Nyerere na Karume.

Darasa zima likamgeukia yule kijana. Dakika kumi na tano tangu mchezo ubuniwe, na tayari ulikuwa na mwiko na mkosaji wake.

Nikawaambia turudie, safari hii kimya kabisa, atakayetoa sauti anatoka nje. Tukarudia. Hakuna aliyepumua. Wa mwisho kusimama aliangushwa kwenye ya tisa. Nikawauliza, haya, na huyu kachuriwa na nani? Wakatazamana. Kisha binti wa dawati la nyuma akanyoosha kidole, na sura yake haikuwa ya utani hata kidogo.

"Mwalimu, basi kuna mtu kasema moyoni."